Kindi Aishtaki Sakafu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa wakienda kazini kama waendavyo mama na baba zenu. Mzee Tembo alikuwa na kiwanda cha kukamua mafuta ya ufuta. Mnyapara wake alikuwa Nyati, na Nyati huyo, loo! Ukichelewa, pu! Ukikohoa, pu! Hata ukicheka, pu!

Kila alipomuumiza mtu, alimwambia Tembo maneno yale yale: "Ameteleza, Mzee. Sakafu ina mafuta."

Na wafanyakazi? Kimya. Nani angebisha mbele ya pembe zile?

Siku moja Nyati alimpiga Kanga teke, bawa likavunjika. Kindi, aliyekuwa akipepeta ufuta na Kanga kila siku, akalia kwa hasira. Aliogopa kwamba teke la pili lingemuua rafiki yake.

"Twende tukaseme," akamwambia.

"Tukaseme nini?" Kanga akaguna. "Nyati atasema nimeteleza. Na kesho je?"

Mara Kindi akaruka juu. "Ehee! Basi umeteleza! Sote tumeteleza!"

Mbio mpaka kwa Tembo. "Shikamoo, Mzee. Nimekuja kuishtaki sakafu."

"Marahaba. Sakafu?"

"Ndiyo, Mzee! Imemvunja Kanga bawa. Imemng'oa Ngiri jino. Imemvimbisha Nyani jicho. Muulize Mnyapara, yeye kaona yote."

Tembo akaja kiwandani, ndi! ndi! ndi!

"Nyati, ni kweli sakafu ndiyo inayowaumiza hawa?"

"Kweli tupu, Mzee," Nyati akajibu, huku akichekelea moyoni. "Sakafu mbaya sana hii."

"Na kuitunza sakafu ni kazi ya nani?"

Nyati akajibu, "Yangu, Mzee."

"Basi ing'oe yote, uipange upya, peke yako. Na akiteleza mtu tena, utaing'oa tena. Mimi nakaa hapa mlangoni."

Nyati akang'oa mawe, gwa! gwa! Jasho likamtoka chururu. Wenzake wamekaa kivulini wanatafuna ufuta. Jioni akapanga jiwe la mwisho, akaanguka chini akihema.

Kindi akamkonyeza Nyani. Nyani akapiga hatua mbili, puu! Chali!

"Mamaa! Nimeteleza!"

Ngiri naye, puu! "Uwii, kiuno changu! Nimeteleza!"

"Oo," akasema Kindi, "pole sana, Bwana Mnyapara. Uanze upya."

"Waongo!" Nyati akanguruma. "Sakafu haina kosa! Hakuna aliyewahi kuteleza hapa! Wote niliwapiga mimi!"

Nyati akageuka polepole. Tembo alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nipe funguo za kiwanda," Tembo akasema. "Toka. Usirudi hapa tena."

Nyati akaondoka kichwa chini. Tembo akamwinamia Kanga. "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Ulikuja kiwandani mara tatu wenzetu walipoumia, Mzee," Kanga akajibu. "Zote ulimuuliza Nyati."

Tembo alishikwa na aibu, wanangu, masikio yakamlegea. Tangu siku hiyo, mtu akiumia kiwandani, Tembo alikwenda kukaa naye faragha, akamsikiliza mpaka amalize.

Nanyi mkija kuwa wakubwa wa kazi, mkiambiwa mtu kaanguka, muulizeni yeye aliyeanguka.