Kidole Gumba cha Mbega

Sogezeni vigoda karibu, na anayefuma aendelee kufuma. Hadithi hii haizuii mikono.

Zamani, msitu wa milimani ulipokuwa na baridi kali kuliko hii ya leo, mbega hakuwa kama mnavyomwona. Alikuwa mweusi tii, mweusi mtupu, kuanzia utosi hadi ncha ya mkia, bila joho jeupe mgongoni wala kishungi mkiani. Na alikuwa na vidole vitano kila mkono, kidole gumba kikiwemo. Tena hicho kidole gumba ndicho kilichompa jina, maana Bi Mbega alikuwa mfumaji, na msitu mzima haukuwa na mwingine.

Sufu aliipata kwa Kondoo, aliyepita kandokando ya msitu kila kiangazi na kuacha manyoya yake kwenye miiba. Bi Mbega aliokota, akachambua, akasokota uzi juu ya paja. Vijiti vyake viwili vilikuwa vya mwanzi, vimelainishwa kwa majani ya msasa. Alipofuma aliimba chini kwa chini wimbo wa hatua nne, kila hatua na kitendo chake: hodi, karibu, mshike mwenzio, twende. Kijiti kinapiga hodi kwenye kitanzi, kinakaribishwa ndani, kinamshika uzi mwenzake, wanatoka pamoja. Hodi, karibu, mshike mwenzio, twende. Ndivyo soksi ya kwanza duniani ilivyofumwa, na hakuna aliyepata njia nyingine mpaka leo.

Hakumpima mtu kwa kamba. Alimtazama Paa akivuka kijito mara moja tu, na kabla wiki haijaisha Paa alikuwa na soksi nne nyembamba zilizomkaa kama ngozi yake. Kima, shoga yake wa mti wa jirani, alifumiwa kofia. Pimbi, ambaye hana mkia, aliomba soksi ya mkia. Alisema mkia wenyewe si lazima uwepo, muhimu ni watu wajue una nguo. Bi Mbega alicheka hadi akadondosha kijiti, kisha akamfumia. Aliwafumia walio wake, na kila aliyepita chini ya mti wake alikuwa wake.

Kima alimwomba mara nyingi amfundishe. Bi Mbega alimjibu kwa upole kwamba hakuna haja, mkono wake unautosha msitu. Hakuwa na choyo. Aliamini hivyo kweli, na mpaka mwaka ule hakuwa amekosea.

Mwaka ule alikuwa mjamzito, na mtoto alitarajiwa katikati ya kipupwe. Siku zile watoto wa mbega walizaliwa uchi, bila laika hata moja mwilini. Mtoto asiyepata nguo kabla ya umande wa kwanza hakuuona wa pili. Bi Mbega alilijua hilo kuliko yeyote, na shali la mwanawe alikwisha kuliona kichwani: jeupe, refu, la kumfunika utosi hadi nyayo. Lakini kinyozi hajinyoi, na mfumaji huvisha watu wake kwanza. Shali akaliweka mwisho wa foleni.

Ndipo Tembo akaja. Alikuja kwa heshima, akapiga magoti, akaeleza kwamba baridi ya matope inampanda miguuni mpaka usingizi unamkimbia. Kama ingewezekana, aliomba soksi. Bi Mbega aliitazama miguu ile minne, akatazama rundo la sufu, akatazama tumbo lake mwenyewe.

"Nenda ukapumzike, mzee wangu," alisema. "Hazinishindi."

Na kweli hazikumshinda, ila zilimla. Soksi moja ya Tembo ilimeza uzi wa mashali matatu. Sufu ni laini, lakini ulaini ukipita mahali pamoja mara elfu hugeuka msasa, na kila kitanzi kilipita juu ya kidole gumba. Soksi ya kwanza ikaondoka na ukucha. Ya pili ikaondoka na pingili ya juu, ya tatu na pingili ya chini, bila damu, bila kelele, kama kipande cha sabuni kinavyoisha bafuni pasipo mtu kukiona kikiisha. Soksi ya nne ilipokamilika, mahali pa kidole palibaki kinundu. Mkono wa pili nao ulikuwa vivyo hivyo, maana mfumaji hodari hutumia yote miwili. Sufu nayo ilikuwa imekwisha. Kiangazi kimepita, Kondoo ameshuka bondeni.

Tembo alishukuru, akaondoka akipiga tarumbeta msitu mzima usikie. Bi Mbega akaficha mikono kwapani. Walipomuuliza habari za nguo ya mtoto, aliwaambia iko tayari, imekunjwa, imewekwa. Walimwamini. Nani angemfikiria Bi Mbega kukosa nguo?

Kima ndiye aliyeshtuka. Siku nne zilipita hajausikia ule wimbo kutoka mti wa jirani. Siku ya tano alipanda bila kubisha, akamkuta shoga yake ameng'ata kijiti kimoja, anahangaika kuanzisha kitanzi kwa masalio ya uzi, na kila kitanzi kinateleza. Aliona mikono. Akaelewa yote, la kidole na la shali.

"Nipe nikusaidie," Kima alisema.

Bi Mbega alitoa kijiti mdomoni. "Mkono uliovisha msitu hauombi kuvishwa."

Kima hakubishana. Alilitazama tumbo, akalitazama lile tawi tupu ambalo mtoto angelazwa juu yake. "Basi mtoto azaliwe avae sifa zako," alisema, "tuone kama zinapasha joto."

Neno lile lilipenya. Bi Mbega aligeuza uso. Mtoto alimpiga teke ubavuni. Hapo aliitoa mikono yake yote miwili, akaiweka juu ya mapaja ya Kima, kiganja juu, pasipo kuficha kitu.

"Kidole sina, shoga. Lakini wimbo ninao. Kaa hapa."

Kima alivua kofia yake, akatafuta mwanzo wa uzi, akavuta. Ikafumuka kuanzia ukingoni. Habari zilikwenda haraka kuliko mvua. Pimbi alileta soksi ya mkia, akasema akiulizwa atawaambia watu kwamba imefuliwa, iko kwenye kamba. Paa alivua zote nne. Tembo alifika wa mwisho, masikio yameinama kwa haya, kwa sababu hakujua. Aliketi mpaka mti ukatikisika, akanyoosha mguu mmoja mmoja avuliwe. Soksi zilikuwa zimeteremka na kujikunja, na ngozi yake ilikwisha kushika mikunjo ile. Ndiyo hiyo mnayoiona miguuni mwake.

Kisha kazi ikaanza, na Bi Mbega akawa Bi Mbega tena. Paa alishikilia uzi kwenye pembe zake. Tembo aliuzungusha kwa mkonga, Pimbi akalinda donge lisiviringike kijitoni. Kima, mwenye vidole gumba viwili vizima, alikamata vijiti. Safu yake ya kwanza ilikaza kama ngumi. Ya pili ililegea hata Pimbi akatia kichwa katika tundu moja, akauliza kama shali hili litakuwa na madirisha mangapi. Bi Mbega aliamuru lifumuliwe. Likafumuliwa mara tatu. Mwalimu hakupandisha sauti wala hakulegeza kamba. Alipiga tu tawi kwa vidole vyake vinne, hodi, karibu, mshike mwenzio, twende, mpaka mikono ya Kima ikaacha kufikiri ikaanza kucheza. Mara ya nne lilisimama. Dada zake Kima wakaja wakapokezana safu, na kwa mara ya kwanza wimbo ule ukaimbwa kwa koo nyingi.

Mtoto hakungoja. Alfajiri ya siku ya tisa ya kufuma, barafu nyembamba ikiwa imetanda majani yote, alizaliwa, uchi kama kiganja. Shali lilikuwa limetosha urefu, lakini vitanzi vya safu ya mwisho bado vilikuwa wazi juu ya kijiti, na somo la kufunga ukingo lilikuwa bado. Kima aliganda. Alijua kijiti kikitoka, vitanzi vitaanza kufumuka kimoja kimoja.

"Chomoa, ulete hivyo hivyo," Bi Mbega alisema kutoka tawini, sauti yake imetulia kama ya mtu anayeagiza maji ya kunywa. "Ukingo utafungwa akikua."

Kima akachomoa. Nyuzi zikaning'inia pande zote kama mvua iliyosimama hewani, lakini katikati ya shali hapakufumuka. Wakamfunika mtoto utosi hadi nyayo. Alipiga chafya moja, akakunja ngumi, akalala. Umande wa kwanza ukakauka. Wa pili aliuona, akautazama kwa macho meupe ya mshangao, na kila aliyetoa uzi akadai kumshika, maana kila mmoja alisema ile safu ni yake.

Ukingo haukufungwa. Kila walipomfuata na kijiti, mtoto alikwisha kuruka mti mwingine, na shali likipepea nyuma yake lilipendeza hivyo hivyo. Mama yake naye aligundua kwamba vidole vinne hushika tawi kama ndoano na kuliachia bila kukwama. Akawa hodari wa kuruka kuliko alivyokuwa hodari wa kufuma, na hilo lilimfurahisha sana.

Na tangu siku hiyo, mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe, na hupitishwa mkono hadi mkono kabla ya kurudi kwa mama. Miezi mitatu ikipita mwili hulizidi shali; weusi hutokeza, nalo shali humbakia mgongoni na mkiani, nyuzi zake ndefu zikining'inia bila ukingo. Na mbega hana kidole gumba. Mtazameni akiruka, muone kama anakililia.

Nanyi mnaofuma soksi na sweta za watu wenu hapa milimani, mnajua desturi yetu: anayefuma hafungi kitanzi cha mwisho peke yake, humpa mwenzake akifunge. Soksi hii imefika mwisho. Haya, nani ananyoosha mkono?