Mtoto wa Bafuni Anatafuta Somo

Kaeni vizuri, maana nyinyi ndio baraza la kesi hii.

Walikuwako mafundi watatu huko Njombe. Zakaria Mligo alijua kutandika vigae. Festo Nyagawa alijua kuunga mabomba. Elia Chaula alijua matangi ya kuchemshia maji, na aliusikiliza moto kama daktari asikilizavyo kifua.

Bibi Desideria Mgaya aliwaita wote asubuhi moja ya baridi kali ya Julai. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wa mimba ya miezi saba, na daraja la kwendea hospitali lilikuwa limevunjika. Mtoto alihitaji joto, lakini moshi wa jiko la mkaa ungemuua. Katika nyumba ile kuukuu, bafu tu ndilo lililokuwa na rejeta ya ukutani, chuma kipitishacho maji ya moto. Lakini Zakaria alikuwa ameinua sakafu inchi mbili kwa vigae vipya, ncha za bomba zikafukiwa, na rejeta iliyong'olewa ikabaki imelala ukumbini. Desideria aligusa mguu wa mjukuu. Ulikuwa baridi kama chuma hicho.

Zakaria akavipasua vigae vyake mwenyewe. Kama patasi ingeteleza, bomba lingetoboka. Desideria akamsihi aharakishe.

“Nikiharakisha, mama, tumemzika,” alisema bila kuinua macho.

Festo akakosa kipande cha kurefushia bomba. Akaenda kukata bomba la nyumbani kwake, mkewe akimuuliza kama familia yake itaoga mate. Akarudi, akaiunga rejeta, akakaza.

Elia akawasha tangi lililolala miaka mingi. Mabomba yakanguruma, na wenzake wakakimbilia uani wakihofia tangi litapasuka. Yeye akabaki na mkono kwenye koki ya kutolea hewa, akiifungua kidogo kidogo. Alimwambia Desideria atoke. Hakutoka, angekwenda wapi? Hewa ikapiga mluzi, kisha maji yakafuata, na chuma kikapata moto.

Wakamlaza mtoto bafuni, na kabla ya adhuhuri akalia, mara ya kwanza tangu azaliwe.

Sasa, ukoo wa Mgaya humpa mtoto kama huyo jina la aliyemponya, awe somo wake, jina moja tu, siku ya saba. Wanaamini likikosea mtu, mtoto hurudi alikotoka. Zakaria anasema bila yeye bomba lisingeonekana.

“Nani alilifukia?” Festo anamuuliza. “Na bila bomba langu, rejeta ingeungwa na nini?”

Elia anasema bila moto, chuma ni chuma tu.

Siku ya saba ni kesho, na Desideria anaogopa kufungua kinywa. Je, nyinyi mngempa mtoto jina la nani?