Mchicha wa Bi Chura

Paukwa!
Pakawa!
Mchicha?
Wa majini!
Udongo?
Ziulize kwato za Ngiri!

Hapo kale Bwana Ngiri alijitwalia udongo wote wa bondeni. "Mmea ukigusa udongo wangu, ni wangu," alisema. "Maji sina haja nayo. Kinachoingia bwawani ni chako, Bi Chura."

Bi Chura alikuwa na watoto arobaini, na wote wana njaa. Kilimo hakukijua. Alifunga magogo ya migomba, akayatoboa, akachomeka mchicha, mizizi ikaning'inia majini. Chini samaki aina ya perege wakala, wakanya. Mizizi ikanywa, mchicha ukanenepa.

"Mkulima gani huyu!" akajicheka. "Macho makubwa hivi, na jembe hana!"

Bwana Ngiri akaja mbio. "Leta mchicha!"

"Umegusa udongo gani, bwana mkubwa?"

Ngiri akainusa mizizi. Myeupe. Akainusa tena. Haina hata chembe.

"Basi utaugusa leo!"

Bi Chura akawatazama wanawe. Wale arobaini wangekula nini? "Jamani," akalia, "mwaga kokoto, mwaga mchanga, ila udongo ule mweusi usimwage, utanimaliza!"

Ngiri akaufuata uleule mweusi. Akachota, akabeba, akamwaga: chubwi! Udongo ukazama, mchicha ukaelea. Akachota, akabeba, akamwaga: chubwi! Maji yakapanda, mchicha ukapanda nayo. Siku tatu, chubwi, chubwi, jasho linamtiririka.

Siku ya nne bwawa likafurika, shwaaa! Maji, mchicha na perege vikateremka mpaka dimbwi la chini, na Bi Chura juu ya magogo, amefumba macho, anapiga yowe kwa woga.

Ngiri akageuka nyuma. Shamba lake lilikuwa mwamba mtupu. Akakimbilia udongo wake bwawani.

"Huo umeingia bwawani," akaita Bi Chura kutoka dimbwini. "Ulisema ni wangu. Mimi akili sina, bwana, nasikia tu vizuri."

Kesho yake Ngiri akaja ukingoni mwa dimbwi, polepole, mkia chini. "Bi Chura, mama yangu, hivi mchicha bila udongo unapandwaje?"

"Rahisi, baba. Kwanza uishiwe udongo."

Hadithi yangu imetumbukia majini, anayeitaka aje na ndoo. Na funzo lake ni hili: mchicha hauoti bila udongo, msidanganywe na vyura. Mimi mwenyewe nilijaribu kwenye beseni, wiki sita, nikavuna mbu. Wanene kweli.