Kwa Nini Wenyeji Huingia Uwanjani Mwisho

Hapo kale mataifa hayakuwa na michezo ya pamoja. Yalikuwa na vita tu. Watu wa mlimani, wa mtoni na wa mbugani waliuana kila kiangazi wakigombea kisima kimoja cha chumvi. Nyamizi, mama wa mlimani, alikuwa amezika wana wawili waliofia hapo. Akabaki na Kasubi.

Watemi watatu walipochoka kuzika, walikubaliana vijana washindane mbio, mieleka na kurusha mkuki, na taifa litakaloshinda lichote chumvi kwanza. Wangekutana mlimani. Watu walishangilia, lakini Nyamizi hakushangilia hata kidogo. Tangu lini adui akabeba mikuki kuja kucheza? Kasubi alikuwa amechaguliwa kwa mieleka, na mama huyo hakuwa na mwingine.

Akamwendea mtemi wake. "Mtemi, wageni watangulie kuingia, mikono juu, mikuki chini. Sisi tuje mwisho, tukiwaona migongo."

Mtemi alikubali ili tu apate kupumua.

Siku ilipofika, wageni wakaingia. Nyamizi aliwakagua mmoja mmoja, machale yakamcheza: kila kijana wa mtoni alikuwa na kifuko kiunoni. Akamshika mmoja wao.

"Fungua!"

Kijana akakataa. Wenzake wakainama kuokota mikuki. Kasubi naye akaukimbilia wake. Ilibaki kidogo tu damu imwagike, ndipo yule kijana akafungua. Ndani mlikuwa na viazi vya kuchemsha na kibuyu kidogo cha maji.

"Mama kanikataza kugusa chakula chenu," alisema. "Kasema mtatutilia sumu."

Nyamizi aliona aibu. Maneno hayo hayo ndiyo angemwambia Kasubi, kama safari ingekuwa ya kwenda mtoni. Akachota maji kwenye mtungi wa wenyeji, akanywa mbele ya wote, kisha akampa kijana kata. Kijana akamtazama kwanza, akanywa. Kasubi akauweka mkuki chini.

"Na nyinyi je, mama?" kijana akauliza. "Mikono yenu hatujaiona."

Nyamizi akainua yake, na watu wote wa mlimani wakainua yao, wakaingia uwanjani.

Na tangu siku hiyo, mataifa yakikutana kwa michezo, wageni hutangulia uwanjani na wenyeji huja mwisho, wote mikono juu. Watazamaji hudhani wanapungiwa. Wapi! Wanaonyeshwa viganja vitupu, na mahali fulani jukwaani yupo mama anayevikagua kimoja kimoja.