Uzi wa Kengele

Haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, nikiwa nimesimama karibu kuliko wote, na anayebisha aniletee mwingine aliyekuwepo.

Mtu mmoja, Ntandu, msokota kamba asiye na mpinzani wilaya nzima, alikuwa na mdogo wake, Mughwai, mchimba visima. Ntandu alikuwa na hesabu yake. Alikagua nyuzi za katani maelfu, mmoja mmoja, akakuta katika kila mia mbovu ni mmoja tu. Kamba yake nene ilikuwa na nyuzi mia nane. Zile nane mbovu zilibebwa na nyingine, na fahali mzima alining'inizwa kwayo tangu asubuhi hadi jioni.

Mughwai alitaka kamba ya kumshusha, na uzi wa kuvuta kengele ya mbuzi iliyofungwa juu. Hewa mbaya ya shimoni humnyang'anya mtu sauti kwanza. Hapo avute, wamtoe. Uzi mzito ungeiliza kengele kwa uzito wake. Basi Ntandu akasokota nyuzi mbili mbili, akaunga vipande hadi pima kumi na tano.

"Kaka, mbona kama unywele wa kichanga?"

"Katani ni ileile, hesabu ni ileile. Shuka bwana, au nimwite mkeo ashuke badala yako?"

Watu wakacheka. Mughwai naye akacheka, akashuka.

Ntandu akakaa kando ya kengele, akila mhogo. Kila mpita njia aliyeuliza alijibiwa kwa majivuno: chini salama, kwani husikii kimya? Huko chini Mughwai alikuwa amevuta mara tatu.

Adhuhuri wakaivuta kamba ili mchimbaji naye ale. Kamba haikukatika hata unyuzi. Ilimleta Mughwai amelegea, macho wazi, uzi ameuzungusha kwenye ngumi, umekatika shubiri moja juu yake.

Ntandu akaichunguza ile ncha. Unyuzi mmoja ulikuwa mbovu. Mmoja katika mia, kama alivyosema siku zote. Ila humu mwenzake wa kuubeba alikuwa mmoja tu.

Nawe unayejisifia kimya cha kengele yako, uzi umeukagua?

Kitu kimoja nimekitunga, nakiri: hiyo mara tatu. Alivuta mara ngapi, hajui mtu. Sisi tuliokuwa juu tulisikia kimya tu, tukaendelea kucheka.