Mwenye Alama ya Mashavu

Hapo zamani, na wewe unayepiga miayo hebu niache niseme, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Vyungu vyao vyote vilichomwa katika moto mmoja. Kila mwanamke alitia alama ya ukucha chini ya mdomo wa chungu chake. Kikitoka kimepasuka, alama huangaliwa, mwenyewe huitwa, husema mbele ya watu, "Kosa ni langu," kisha hukivunja kwa mkono wake. Ukisingizia udongo, moto ule huchomei tena. Ndiyo ada yao.

Basi huko aliishi Mwanamize, mjane, riziki yake vyungu. Binti yake mdogo, Mashavu, alizaliwa haoni. Siku moja ya kuchoma, vyungu vimekwisha kupangwa na kuni juu yake, moto bado kuwashwa, akafika Maalim Shaame kutoka mjini kuwaombea dua. Akanyanyua chungu.

"Hiki kimejifinyanga?"

"Hapana!" wakaitika.

"Na jicho je? Lina pazia la kulifunika, lina maji ya kulisafisha, lina nywele za kulizuilia vumbi. Limejifinyanga?"

"Hapana!"

"Basi lina Fundi, na Fundi huyo ndiye Mola wenu!"

Vigelegele! Mwanamize hakupiga. Miaka yote alikuwa akiumeza uchungu wake, leo umemshinda. Akasimama, kamshika mwanawe mkono.

"Maalim, tazama na macho haya ya mwanangu. Pazia yanalo, maji yanayo, nywele yanazo. Hayaoni! Nayo kayafanya nani?"

"Huyo huyo, mwanangu. Fundi hakosei. Huo ni mtihani."

"Mimi chungu changu kikipasuka naitwa mbele za watu. Yeye mbona haitwi?"

"Astaghfirullahi!"

Ngwali, mchimba udongo, akaingilia. "Maalim, usimgombeze. Mimi kila siku niko mtoni. Naokota mawe ya mviringo, laini kama yai, na aliyeyachonga simwoni. Ni maji tu, na maji hayajui kitu. Dada yangu Mwanamize, hakuna fundi. Hakuna aliyekukosea."

Alidhani amempoza. Wapi! "Hakuna? Basi hasira zangu hizi nimpelekee nani, Ngwali? Maji?"

Hapo Bi Kidawa, mkuu wa moto, akapiga fimbo chini. "Basi! Kama Fundi hakosei, na kitu kimetoka na ila, kosa ni la tumbo lililokibeba. Mwanamize, ada unaijua. Sema 'Kosa ni langu' juu ya mtoto huyu, au toa vyungu vyako motoni, na usivirudishe."

Jamani, mnasikia maneno hayo? Juu ya mtoto! Na neno lenyewe Mwanamize kalisema mara nyingi juu ya vyungu, si geni kwake. Alitamke tu, amalize, jioni apate cha kumpikia mwanawe. Akamtazama Mashavu. Mdomo ukakataa. Akaanza kutoa vyungu vyake, kimoja kimoja, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kumsaidia.

Mashavu haoni, lakini masikio anayo. Akajipapasa uso, akajipapasa shingo, akajipapasa tumbo. Kisha akauliza kwa sauti, kila mtu akasikia:

"Mama, kwani mimi nimepasuka wapi?"

Halafu, bila haya, watu wazima wakaanza kugombania jibu.

"Nimjibu mimi," akasema Maalim, "kwani mimi ndiye ninayemjua Fundi wake."

"Nimjibu mimi," akasema Ngwali, "kwani mimi pekee sikumtia mtu hatiani."

"Nimjibu mimi," akasema Bi Kidawa, "kwani mtoto kauliza habari ya ada, na ada naishika mimi."

Mwanamize alikuwa na chungu mkononi. Akakipiga chini, vigae vikawarukia miguuni.

"Nyamazeni! Nimemzaa mimi, nitamjibu mimi! Na kama yupo mwenye alama yake, na aje amjibu mwenyewe!"

Akapiga magoti mbele ya mwanawe. Akafungua kinywa. Jibu hakuliona.

Msinitazame mimi. Nyinyi ndio mlioitikia "Hapana!" pamoja nao, nimewasikia. Haya, mtoto kasimama, anangoja. Je, nani alistahili kumjibu?