Ukuta wa Timu ya Nyundo

Pu!

Mlio wa mguu ukikutana na mpira ulimfikia Mzee Mligo akiwa ameinama juu ya ndoo, akikoroga chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja. Zikafuata kelele, upande mmoja shangwe, upande mwingine lawama. Alipoinua kichwa aliwaona vijana wakimzonga mwenzao, na mmoja akimwambia kwa uchungu, “Ukuta hupasukia kwa ageuzaye uso.”

Walipokuja bombani kunywa maji walimkuta mzee anacheka.

“Babu, unacheka nini?”

“Nawacheka ninyi. Mnausema msemo msioujua ulikozaliwa.”

“Si wa wahenga?” akauliza mmoja wao. “Mama yangu huusema hata kwenye vikao vya harusi.”

“Mhenga wake alivaa njumu, mjukuu wangu. Ukuta hupasukia kwa ageuzaye uso: methali hii ilizaliwa hapa hapa Njombe, mbele ya goli lile, nami nilikuwa jukwaani na ngoma yangu shingoni. Kaeni niwape.”

Wakakaa, naye akawapa hivi.

Palikuwa na mchezaji akiitwa Ambakisye Mwasomola, mzaliwa wa Tukuyu, ambaye mguu wake wa kushoto ulijulikana nchi nzima. Faulo ikipatikana karibu na boksi, mashabiki wake walianza kushangilia kabla hajauweka mpira chini. Alicheza Ligi Kuu miaka mingi, mpaka goti likamgomea. Goti halina adabu. Halijali umeimbwa mara ngapi.

Watu walidhani atafungua baa au atagombea udiwani. Yeye akaja Njombe, kwenye timu ya Nyundo iliyokuwa daraja la kwanza, akaomba kazi ambayo hapa haikuwahi kusikika: kufundisha mipira iliyokufa peke yake. Kona, faulo, penalti na mipira ya kurusha. Mengine yote abaki nayo kocha mkuu.

Mji ulicheka. Wakamwita kocha wa mazishi. Akipita sokoni, wauza viazi walimuuliza, “Mwalimu, leo tunazika wapi?” Naye alijibu bila kusimama, “Jumamosi, kwenye goli la wageni. Njoo na kanga.”

Akawazika kweli. Kona za Nyundo zikawa balaa. Timu ngeni zikiiona kona zilijazana golini kama kuku waliomwona mwewe. Msimu ulipofika ukingoni, Nyundo ilihitaji ushindi mmoja tu, nyumbani, dhidi ya Mwangaza, ipande Ligi Kuu kwa mara ya kwanza tangu iundwe.

Lakini palikuwa na kidonda. Magoli waliyofungwa Nyundo yalikuja kwa faulo, na kila mara mpira ulipita mahali pale pale kwenye ukuta wa wachezaji wanaojipanga mbele ya mpigaji: ubavuni mwa nahodha, Tulizo Sanga. Sanga alikuwa beki wa kati, jitu la watu, asiyeogopa mguu wa mtu. Ila mpira ukipigwa kumwelekea akiwa amesimama tu, uso wake uligeuka. Uso ukigeuka, bega hufuata. Bega likifuata, kifua hukaa upande, na kati yake na mwenzake hubaki upenyo. Mpira hauombi zaidi ya hapo.

Hakuna aliyethubutu kumwambia. Alikuwa nahodha, tena mtoto wa mji. Na Ambakisye ndiye aliyekuwa na haki ndogo kuliko wote ya kusema, kwa kuwa zamani, akichezea timu nyingine, alimfunga Sanga kwa faulo iliyopita jirani na sikio lake. Tangu siku hiyo mashabiki wa timu ngeni walimwita Sanga “Dirisha”, na Sanga hakuwahi kumsamehe mpigaji.

Wiki ya mechi, mwenyekiti wa timu, Mama Nyagawa, alimwita Ambakisye. “Kona zako nimeziona, mwalimu, Mungu akubariki. Lakini Jumamosi tukikosa kupanda kwa sababu ya faulo, Jumapili upande basi la Tukuyu. Sina neno jingine.”

Ambakisye alielewa. Akifukuzwa Njombe, hakuna timu itakayomwajiri tena kocha wa mazishi. Kazi yake yote ilikuwa imeegemea ukuta wa watu wanne.

Kocha mkuu akamshauri amtoe Sanga ukutani. Akakataa. Nahodha akitolewa kwa woga, alisema, kumi waliobaki watajua kwamba woga una ruhusa. Alhamisi, katikati ya mazoezi, akamwendea mbele ya wote.

“Sanga, unalikumbuka goli nililokufunga?”

“Usinianze, mwalimu.”

“Watu husema niliangalia kona ya goli. Uongo. Goli halihami, kuliangalia kwa nini? Nilikuwa naangalia nyuso. Nasubiri tu. Atakayegeuza wake, huyo ndiye mlango wangu. Miaka yote niliyoimbwa, siri ilikuwa hiyo.”

Wachezaji wakaiacha mipira, wakasogea.

“Kwa hiyo uliniona mimi,” akasema Sanga.

“Nilikuona kabla sijarudi nyuma kuchukua mbio.”

Sanga akatema mate pembeni. “Na wewe, tangu uzaliwe, umewahi kusimama ukutani hata siku moja?”

Ambakisye hakuwahi. Mpiga faulo haweki mwili wake ukutani. Kila mara wenzake walimwacha mbele, asubiri mpira.

“Sijawahi,” akasema.

“Basi usinifundishe woga usioujua.” Sanga akavua fulana ya mazoezi, akaitupa nyasini, akaenda zake.

Jumamosi watu walijaa hadi juu ya paa la choo cha uwanja. Nyundo wakapata kona mapema. Wachezaji watatu wakakimbilia mlingoti wa karibu wa goli wakiwavuta mabeki, mpira ukapaa juu yao wote, na Sanga, aliyeachwa peke yake nyuma, akaupiga kichwa. Moja bila. Jukwaa lilitikisika kama lori kwenye barabara ya mawe.

Wakailinda moja hiyo kwa meno. Dakika za nyongeza zikaingia. Mwamuzi akapuliza filimbi: faulo, hatua chache nje ya boksi la Nyundo.

Wanne wakapanga ukuta, Sanga katikati. Mpigaji wa Mwangaza alikuwa kijana mwembamba wa mguu wa kushoto. Akaweka mpira, akarudi nyuma, na hapo Ambakisye, pembeni mwa uwanja, akaitambua siri yake mwenyewe. Kijana yule hakuliangalia goli. Alikuwa anasoma nyuso.

“Dirisha, Dirisha,” waliimba wageni, na ngoma zetu zikafa mikononi.

Ambakisye akasogea hadi ukingoni mwa mstari. Akaiona shingo ya Sanga ikianza kuzunguka, kidogo, kidogo tena. Kisha ikasimama. Kisha ikarudi. Sanga akamkazia macho mpigaji, akayaacha wazi, kidevu mbele, kama mtu anayesubiri jibu. Kijana akatafuta mlango kwenye nyuso nne, akaukosa, na filimbi ya kumruhusu apige ilikwisha kulia.

Akapiga kwa hasira. Mpira ukamgonga Sanga katikati ya uso kwa kishindo kilichofika jukwaani, ukaruka mpaka mstari wa kati. Filimbi ya mwisho ikalia ukiwa bado hewani.

Sanga hakuanguka. Damu ikimtoka puani aliuliza, “Umeingia?” Hakuna aliyeweza kumjibu, maana uwanja mzima ulikuwa umemkimbilia.

Mtangazaji wa redio akamdaka Ambakisye na kumuuliza wameuzuiaje mpira ule. Naye akasema, “Ukuta hupasukia kwa ageuzaye uso. Leo hakugeuza mtu.” Ngoma zikaidaka kauli hiyo, zikaipeleka sokoni, na kutoka sokoni ikaingia majumbani, mpaka kwenye vikao vya harusi.

Ambakisye alipenya kundi la watu hadi alipokaa nahodha, barafu ikiwa puani. Mama Nyagawa alikuwa pale, akimpepea kwa ukingo wa kanga.

“Inauma?” akauliza Ambakisye.

“Unaniuliza wewe, mwalimu wa ukuta?” Sanga akacheka, akakunja uso kwa maumivu. “Hilo somo hujalisoma.”

Ambakisye akamshika mkono mbele ya wote. “Jumatatu asubuhi, Sanga, nitasimama mimi ukutani, upige wewe, kwa nguvu zako zote, timu nzima ikitazama. Na uso wangu utauona mpaka mwisho, kwa maana ukuta hupasukia kwa ageuzaye uso.”